Doa Kubwa na Sufuria ya Pili

Vingunguti,
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Mwantumu,

Umetoka sasa hivi kwenda Sinza kusukwa, na kwa jinsi ulivyosema unazitaka zile nyembamba, najua hurudi kabla ya magharibi. Basi nimekaa kitandani kwako, pembeni ya begi lako la safari, nimechukua daftari lako la zamani lililobakia kurasa. Kalamu inavuja kidogo. Usinicheke mwandiko.

Habari za koti sitaziandika, koti umeliona. Habari za kula sitaziandika, wala za kuswali, wala za wanaume. Hayo nimeshakwambia mpaka jana ukanijibu, "Mama, kaseti imejirudia." Kweli imejirudia. Ninachotaka kukuandikia leo hakijawahi kutoka kinywani mwangu hata mara moja. Nakiandika kwa sababu nikikisema nitalia, nawe utanishika mkono useme yaishe, na mie nitakubali yaishe. Sitaki yaishe hivyo.

Nataka kukuandikia habari za lile doa lako kubwa, na habari za shangazi yako Zaina.

Unakumbuka mwezi ule uliporudi kutoka Uswidi, baada ya ile miezi sita ya masomo? Nilikuwa barazani nachambua mchele. Ukaja na picha yako imekunjwa kama ramani, ukaitandika juu ya mkeka. Mie nikaona madoa tu. Madoa meusi, mengine kama punje ya mtama, mengine kama kidole gumba, yametapakaa karatasi nzima.

"Mama, hii ni hamira," ukasema.

"Hamira ya maandazi?"

"Hiyo hiyo."

"Umepanda ndege kufuata hamira? Si imejaa dukani kwa Mpemba hapo?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanieleza polepole, kama unavyonielezea dawa za hospitali. Ukasema chembe moja ya hamira, ndogo hata jicho haliioni, ina protini za kila namna ndani yake, na hizo ndizo zinazofanya kazi zote. Kati yao kuna mmoja, mnamwita kimeng'enya, ambaye kazi yake ni kuwawekea wenzake alama. Alama ndogo tu. Lakini akishakuwekea, umebadilika: uliyelala unaamka, uliyekuwa unafanya kazi unaacha. Na hakuna anayejua sawasawa ni nani na nani anaowawekea. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa, kuwatafuta.

"Kama yule bwana wa muhuri pale machinjioni," ukasema. "Kabla hajagonga, nyama haiuzwi. Akigonga inauzwa. Na nyama ni ile ile."

Hapo nikashika. Nimeishi na muhuri ule na wino wake wa zambarau tangu hujavunja ungo. Nikakuuliza, sasa si mumvizie tu, mkae mkimtazama akigonga? Ukasema haonekani, ndiyo maana mnatumia hila. Mnachukua hamira mafungu mawili. Fungu moja lina bwana wa muhuri, la pili mmemtoa. Protini za kila fungu mnazitandaza kwenye utandu kama wa uji ulioganda, kila moja inajikalia mahali pake kwa uzito wake na kwa umeme wake, ndiyo hayo madoa. Halafu mnalinganisha. Doa lililobadilika mnalikata kwa wembe, mnalivunja vipande vidogo, mnavipima kwenye mashine, na kwa uzito wa vipande mnapata jina la mwenyewe. Sijui kama nimesema vizuri. Hilo la kumjua mtu kwa uzito wa vipande vyake halikunipa shida. Mie ukinipa kongoro mkononi nitakwambia ng'ombe alikuwa mkubwa kiasi gani.

Nikakwambia, lakini muangalie sana. Nyama ikiegemea nyingine ambayo wino wake haujakauka, inachafuka rangi. Mgeni akiiona atasema hii imegongwa, kumbe haijagongwa, imeegemea tu.

Ukageuka kunitazama. Ukaniambia, "Mama, profesa wangu amenitoa machozi kwa maneno hayo hayo."

Ndipo ukanihadithia. Madoa yaliyobadilika yalikuwa arobaini na kitu. La kwanza kabisa, la kuonekana bila hata kukaza macho, lilikuwa lile doa kubwa. Kwenye fungu lenye kimeng'enya lilikuwa limejaa kama kidole gumba, kwenye fungu lisilo nacho halipo. Profesa wako alikuwa safarini. Wewe ukasimama kwenye mkutano mbele ya wenzako, ukalionyesha kwa kijiti, ukasema huyu ndiye anayewekewa alama. Wakakupigia makofi. Profesa aliporudi, akaisoma orodha yako yote, akakuuliza swali moja tu: haya yote ameyagusa kimeng'enya mwenyewe, au mengine yamefuata tu mabadiliko ya wenzake?

Ikabidi mjaribu. Mkamtoa kimeng'enya peke yake, mkamsafisha, mkamweka ndani ya kichupa na protini moja moja. Wawili tu, hakuna wa tatu wa kusingiziwa. Wengi hakuwagusa. Walioguswa walikuwa watatu, na hao watatu doa lao halikukua wala kupotea. Lilisogea pembeni, kidogo tu. Ukanionyesha: ukazibandika picha mbili pamoja ukaziinua juani, na kweli, kuna vidoa vitatu vilivyojisogeza kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi. Na lile kubwa, ulilolipenda kuliko yote, hakuligusa hata kidogo. Lilipotea kwa sababu mmoja wa wale watatu, akishagongwa muhuri, ndiye aliyekuwa akilitegemeza.

Kisha ukasema maneno haya, nayakumbuka yalivyo: "Nimeshalisema mbele ya watu, Mama. Labda ninyamaze tu. Nikirudi niendelee na wale watatu. Hilo la kwanza watalisahau wenyewe."

Mie nikainamia ungo wa mchele. Ulidhani sijaelewa, ukakunja picha yako ukaenda kuoga. Tumu, nilielewa kupita kiasi. Mchele ule nilikuwa nimeshautoa mawe yote, nikawa naendelea kutafuta mawe ili nisiinue uso.

Sasa nisikilize.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipotoa ruksa ya biashara za watu binafsi, kila mtu akafungua yake hata kama ni ya kuuza maji kwenye vifuko. Kiwanda cha nguo cha baba yako kilikuwa kikifanya kazi siku tatu kwa wiki, kisha siku mbili, kisha tukaacha kuhesabu. Nikaanza supu ya utumbo na makongoro pale nje ya machinjio. Wateja walikuwa wachinjaji, wachuna ngozi, wabeba nyama, watu wa njaa ya kweli. Nilikuwa na sufuria moja. Nilibandika kabla ya alfajiri, saa nne asubuhi nimeshaosha bakuli.

Wewe ulikuwa darasa la tano. Shangazi yako Zaina, dada wa baba yako, alikuwa ameachika, akaja kukaa kwetu. Akasema, "Wifi, mie siwezi kula bure, nitakusaidia kibandani." Nikafurahi sana. Zaina alikuwa msafi, alikuwa mcheshi, wateja walimpenda. Kwa kuwa tulikuwa wawili, tukabandika sufuria ya pili.

Haukupita mwezi, mambo yakaanza. Supu ikawa inachacha mapema. Mzee Chande, yule mchuna ngozi ambaye mpaka leo hakosi kibandani, aliinua bakuli akanusa, akaniuliza mbele za watu, "Mama Tumu, leo ndimu umekamulia jikoni, au supu imejikamulia yenyewe?" Watu walicheka. Wewe ukaanza kuumwa tumbo, leo unaharisha, kesho umepona, keshokutwa tena. Ukakonda. Wateja wakaanza kunipita wanakwenda kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Baba yako naye akawa hasemi, anakaa tu.

Kisha Zaina akaenda Kilwa kumuuguza mama yake mdogo. Alikaa majuma matatu. Katika majuma yale matatu, Tumu, supu haikuchacha hata siku moja. Tumbo lako likapona, ukaanza kunenepa. Wateja wakarudi. Aliporudi Zaina, vyote vikarudi.

Basi na mie nikalinganisha. Unaona? Sikuwa na mashine, lakini nilifanya kama nyie mnavyofanya. Fungu hili Zaina yupo, fungu hili Zaina hayupo. Yeye ndiye doa kubwa. Nani angehitaji kukaza macho?

Asubuhi moja, kibanda kimejaa, watu wana bakuli mikononi, nikamwambia, "Wifi, kuanzia leo usiguse sufuria yangu."

Alidhani natania. "Kwani vidole vyangu vimeungua au vimekatwa?"

"Mkono wako una kitu. Ukiwepo inachacha, usipokuwepo haichachi. Na mwanangu unamuumiza. Nimekuangalia."

Watu wakaanza kunusa bakuli zao. Mtu mmoja akamwaga supu yake chini. Zaina akanitazama, akamtazama yule aliyemwaga, kisha akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka juu ya kigoda. Kanga ilikuwa yangu. Akaondoka na gauni lake tu. Siku ile ile akahamia Mbagala kwa rafiki yake. Uliporudi shule ukauliza, "Shangazi amefanya nini?" Nikakujibu, "Shangazi yako si mtu mzuri. Akikupa kitu, usile."

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na kama lingekuwa hilo peke yake, nisingekuandikia barua ndefu hivi. Kukosea nilikosea kwa hofu ya mtoto wangu. Nadhani Mungu analijua hilo. La pili ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Mambo yalitulia miezi minne. Kila mtu akasema, unaona, alikuwa yeye. Kisha nikachoka kufanya kazi peke yangu, nikamchukua jirani yetu Mama Neema anisaidie. Tukawa wawili tena, tukabandika sufuria ya pili tena. Wiki ya pili, supu ikachacha.

Mzee Chande akanusa bakuli lake. "Mama Tumu, Zaina kahama kaacha mkono wake humu?"

Kibanda kikaangua kicheko. Na mie, mwanangu, nikacheka nao.

Lakini nilipokuwa naosha zile sufuria, nikazitazama zote mbili. Moja ilikuwa kavu. Ya pili ilikuwa na supu robo. Nikakumbuka kwamba ya pili haikuwahi kuisha, hata siku moja, tangu siku za Zaina. Na kila siku robo ile nilikuwa naifunika, kesho yake naimimina kwenye supu mpya, kwa sababu nilikuwa siwezi kumwaga chakula. Kiporo kilikuwa kinachachisha supu nzima. Na bakuli lako la kunywa kabla ya kwenda shule, nani alikuwa analichota kwenye ile robo, supu ya jana, kabla mpya haijaiva? Mie. Kwa mkono huu.

Zaina alikuwa akiniambia, "Wifi, mwaga hiyo." Nami nilimjibu siku moja, "Wee una kiburi cha mtu aliyeshiba."

Alichogusa Zaina kilikuwa kimoja tu: alileta mikono miwili, ikawezekana kubandika sufuria ya pili. Basi. Vingine vyote vilifuatana vyenyewe, na katikati yake kulikuwa na mkono wangu. Alipokwenda Kilwa nilikuwa peke yangu, nilibandika moja, ikaisha saa nne, hakukuwa na kiporo. Ndiyo maana supu haikuchacha, nawe ukapona. Nilimwangalia yeye kwa sababu alikuwa mkubwa machoni. Kile kilichosogea kidogo, ule mfuniko niliokuwa naufunika kila mchana, sikukiona, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nakifanya.

Nilijua siku ile. Kesho yake nilirudi kwenye sufuria moja, nikamwambia Mama Neema kazi imepungua. Sikumwambia mtu kwa nini. Nilijiambia hivi: nimeshasema mbele ya watu. Nikinyamaza, watasahau wenyewe.

Tumu, hawasahau. Nataka nikwambie wanavyofanya. Wanaendelea nalo. Wanalijengea juu yake. Mwaka uliofuata, Zaina alipata mchumba huku Vingunguti, mtu mzuri wa kubeba nyama. Mtu mmoja akamnong'oneza habari za mkono wake, mwanamume akaghairi. Mie nilisikia. Nilikuwa nakata vitunguu, nikaendelea kukata. Idd moja alikuletea gauni la kijani lenye vifungo vya lulu, likaletwa na mtoto wa jirani yake. Ulilipenda sana, ukaniuliza limetoka kwa nani. Nikakwambia limekosewa nyumba, nikalirudisha. Ulilia. Nikakupiga kwa kulia.

Ulipokuwa na miaka kumi na sita nilikutuma Mbagala kununua nazi, ukarudi umejaa sifa. "Mama, nimemwona Shangazi Zaina sokoni. Aliniita. Nikageuza uso, sikumpa hata shikamoo." Nami nikakwambia umefanya vizuri.

Nimezaa mtoto mwenye adabu, nikamfundisha kumnyima mkubwa wake shikamoo, ili mimi nisionekane niliyekosea kwenye supu.

Na baba yako alipofariki, Zaina alikuja matangani. Dada wa marehemu, Tumu. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, pamoja na majirani. Hakuna aliyemwita mbele, kwa sababu walikuwa wananitazama mie. Nilimwona. Alikula wali kwenye sahani yake peke yake, wengine wakila sinia moja. Ningeinua kidole tu angekaa mbele. Sikuinua.

Kwa hiyo siku ile ulipoitandika picha yako barazani ukasema labda unyamaze, nilisikia maneno yangu mwenyewe. Ningesema, "Sema kweli, mwanangu," ungesema ndiyo Mama, nami ningekuwa nimekutuma nilikoshindwa kwenda mwenyewe. Nimekaa nalo tangu siku ile. Nimekuona ukiipakia ile picha chini kabisa ya begi, chini ya koti. Nimekuona pia unaandika barua kwa profesa wako halafu unaichana. Vipande nimevikuta kwenye ndoo. Sikuvisoma, vimeandikwa Kiingereza. Lakini niliona umeanza mara tatu, na kila mara umeishia mstari wa pili.

Leo asubuhi nilikudanganya. Nilisema nakwenda kuchukua dawa ya presha. Nilikwenda Mbagala.

Nilimkuta uani kwake anakoroga unga wa vitumbua. Ndiyo biashara yake sasa. Amezeeka kidogo, meno bado mazuri. Hakuinuka.

"Karibu, Mama Tumu," akasema. Hakuniita wifi.

Nikakaa chini kwenye kigoda, nikamwambia yote. Kiporo, sufuria ya pili, bakuli lako la asubuhi, yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Aliendelea kukoroga mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

Nikasema, "Mwaka ule ule. Baada ya miezi minne."

Mwiko ukasimama.

"Miezi minne," akasema. "Mie nilidhani labda umejua jana. Ningekusamehe kama ungejua jana." Akaweka mwiko chini. "Kwa hiyo kaka yangu anazikwa, nakaa mlangoni kwa choo, wewe unajua."

"Nilijua."

"Na Tumu ananigeuzia uso sokoni, wewe unajua."

"Nilijua, Zaina."

Akafunika ule unga kwa kitambaa. Kisha akauliza, kama mtu asiyetaka kuuliza, "Anasomea nini huko anakokwenda?"

"Hamira."

"Hamira?" Akautazama ule unga wake unaofura chini ya kitambaa. Alikaribia kucheka, Tumu. Nilimwona. Akajizuia.

Nikamweleza nilivyoweza, habari za bwana wa muhuri na madoa. Nikamwambia kuna doa moja ulilisingizia mbele ya watu, na sasa umejua halikuguswa.

"Atalisafisha?" akauliza.

"Sijui. Hajaamua."

Zaina akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Mtoto ataamuaje," akasema, "na mama yake hajaamua?"

Nikamwambia nimeamua, ndiyo maana nimekuja. Akatikisa kichwa. "Hapana. Wewe hukunifukuzia chumbani. Ulinifukuza watu wana bakuli mikononi. Ukija kunisafishia uani kwangu, tunasikia mie na wewe na kuku. Kanisafishie pale pale."

Nikamwambia, kesho asubuhi, saa moja, kibanda kikijaa. Nikamuuliza, utakuja? Akasema, "Nitakuja. Sikusema nimekusamehe. Nitakuja kusikia."

Basi ndiyo hivyo. Ndege yako ni kesho jioni, asubuhi una nafasi. Nakuomba uje kibandani. Mzee Chande atakuwepo, na wale wa zamani wachache waliobaki. Naogopa, mwanangu. Mwandiko umeharibika, unaona mwenyewe. Watasema nini? Labda wataacha kunywa supu yangu. Labda watacheka. Labda kitakachoniuma zaidi ni wao kusema, "Aa, Mama Tumu, mambo ya zamani hayo," waendelee kula. Sijui. Sikuandikii kwamba ni rahisi. Nakuandikia ili usije ukasema hujawahi kumwona mtu akifanya.

Na kuhusu barua yako kwa profesa, sitakwambia uiandike. Wewe ndiye unayeyajua mambo ya huko, mie sijui mkutano wao unafananaje. Nimekuachia tu karatasi safi nne ndani ya koti, mfuko wa kushoto, na hii kalamu inayovuja.

Jambo moja nimelisahau, nalo ndilo lingekuwa la kwanza. Unajua mie shule nilikwenda kisomo cha watu wazima tu, jioni, kwa kuogopa kuchekwa. Nyumbani, miezi ile aliyokaa kwetu, aliyekuwa akinishika mkono juu ya daftari, a, e, i, kwenye mwanga wa koroboi, alikuwa Zaina. Herufi zote unazozisoma hapa alinifundisha yeye. Ile l yangu yenye mkia, unayonicheka kila siku, ni yake.

Kesho nitabandika sufuria moja. Ikiisha, imeisha. Na ukimwona shangazi yako anaingia, usinisubiri mimi, usisubiri nimalize kusema. Inuka wewe kwanza, umpe shikamoo yake.

Mimi mama yako,
Mama Tumu